Kibali cha Kuvua kwa Starehe

Baba yangu hakuwahi kuvua samaki kwa starehe hata siku moja. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba kibali pekee anachoweza kupewa hapa Goma ni cha kuvua kwa starehe, nilijua kazi ninayo.

Alizaliwa Vitshumbi, kando ya ziwa Edward, kijiji ambamo viboko hupita kati ya nyumba wakienda malishoni na hakuna anayeshangaa. Kijiji kimezungukwa na mbuga ya wanyama, na kulima ni marufuku, kwa hiyo mtu wa Vitshumbi ama anavua ama anauza kilichovuliwa. Baba alivua kwa nyavu tangu hajaota ndevu mpaka ndevu zikawa nyeupe. Kisha vita vikashuka mpaka ufukweni. Wenye bunduki wakaanza kutoza kila mtumbwi unaorudi, halafu wengine wakaja kuwafukuza hao, nao wakatoza vilevile, mpaka asubuhi moja risasi zikaanza kulia kati ya nyumba na Baba akapanda lori la samaki lisilo na samaki.

Nilimkuta Kanyaruchinya, kwenye kambi ya waliokimbia vita, chini ya hema la plastiki lililosimamishwa juu ya mawe ya volkano. Mimi niko Goma tangu nilipoolewa. Mume wangu alikwisha fariki, watoto wangu walikuwa wameshajitegemea, nami nilibaki na cherehani yangu na nyumba ya mbao upande wa juu wa Kituku, soko la samaki kando ya ziwa Kivu. Nilimwambia Baba achukue kilicho chake twende. Alichukua koti na redio iliyokufa betri.

Nyumbani kwangu, Baba alikaa. Sijui nieleze vipi, maana kila mtu anakaa, lakini yeye alikaa kama kazi. Aliweka kiti kukabili ukuta wa jirani, ukuta mweusi wa mawe usio na kitu cha kutazama, akaweka mikono magotini. Nilimpikia sambaza, dagaa wa ziwa la hapa, akazichungulia kwenye sahani.

"Hii ni samaki ao ni wadudu?" akaniuliza.

"Ni samaki wa hapa, Papa. Kila mutu anakula."

"Basi kila mutu ana shida."

Nilicheka siku ile. Baada ya wiki kadhaa sikucheka tena, kwa sababu sambaza hazikuwa kitu pekee alichokataa. Ugali aliumega mara mbili tatu akausukuma. Shati lilianza kumpwaya mabegani. Nilimpeleka kwenye kituo cha afya, muuguzi akampima kila kinachopimika, akaniita pembeni akaniambia muzee hana ugonjwa wowote, amekosa tu kitu cha kufanya, na kwamba amewaona wazee wengi wa namna hiyo wakitokea makambini na si wote waliorudi kumwona mara ya pili. Nilielewa vizuri alichokuwa ananiambia. Baba angeweza kufa kwa kukaa.

Nani alimpa wazo la mwanzi, sijui. Nadhani lilimjia mwenyewe. Nilirudi kutoka sokoni siku moja nikakuta kiti kitupu. Jioni akaingia na mwanzi mrefu begani, uzi wa nailoni umezungushwa juu yake, na tilapia mdogo wa kiganja amechomekwa kwenye jani. Alikuwa amekwenda kwenye mawe ya ufukweni, mbali kidogo na soko la Kituku, akakaa na ndoano kama wafanyavyo wazee wasio na mtumbwi. Alimchoma yule samaki mwenyewe, akamla mpaka kichwa, akalamba vidole, kisha akaomba ugali. Niliingia jikoni nikalia kidogo kwa furaha, nikamsongea.

Kwa muda ule tuliishi. Alikwenda kila asubuhi, alirudi na samaki ama bila samaki, lakini alirudi na njaa. Alianza kulisema vibaya ziwa Kivu, kwamba ni zuri la kutazama tu, kwamba chini yake kuna gesi na juu yake kuna uvivu. Mtu anayelalamika ni mtu anayeishi, nikajisemea, naye aendelee kulalamika.

Halafu siku moja akarudi mapema, mikono mitupu. Alirudisha kiti chake mbele ya ukuta. Nilimuuliza mara nyingi, mwishowe akasema kwamba askari wa majini amevunja mwanzi na kuchukua ndoano.

Sikumalizia hata pindo lililokuwa kwenye cherehani. Nilishuka mpaka ufukweni, damu inanichemka, nikamkuta askari mwenyewe amekaa kwenye jiwe anakula hindi la kuchoma. Alikuwa mpole, na upole wake ulinikasirisha zaidi.

"Mama, siku hizi ziwa iko na sheria, juu ya vita," akasema. "Batu wanapita kwa maji na habari, wanapita na silaha. Kila mutu mwenye kuvua anaonyesha papier ya ruhusa."

"Papier gani? Ni muzee na kijiti."

"Hiyo kijiti ndiyo inaleta shida. Kama angekuwa ndani ya pirogi, ningejua ni mvuvi. Sasa mutu anakaa kwa mawe siku muzima, anaangalia maji. Mimi nitasema huyu anafanya nini?"

Nikaenda kwa kamati ya wenye mitumbwi pale Kituku. Mkuu wao, baba mmoja mnene aliyevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama baba yangu ana pirogi, yaani mtumbwi. Hapana. Ana timu? Hapana. Ana taa za kuvulia sambaza? Hapana.

"Basi tutamuandika wapi, mama? Sisi ni chama ya bavuvi. Yeye, vile unanielezea, ni mutu wa kufurahi."

Ndiye aliyeniambia kuhusu kibali cha kuvua kwa starehe. Alisema zamani kilikuwa cha wazungu waliokuwa wakivua mbele ya mahoteli siku za Jumapili, na kwamba sheria bado ipo hata kama wazungu wenyewe wamepungua. Nilimshukuru, nikapanda pikipiki kwenda mjini.

Ofisi ya uvuvi ilikuwa ghorofani, kwenye jengo ambalo ngazi zake zilikuwa na kila kitu isipokuwa mahali pa kushika. Afisa alikuwa mtu wa umri wangu, shati limepigwa pasi vizuri, na mezani hapakuwa na kitu isipokuwa muhuri uliofunikwa na kitambaa. Nilimweleza. Akakunja uso.

"Muzee wako anavua juu ya kufurahi?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

Aliniangalia. Nadhani alifikiri ninamdhihaki, na huenda nilikuwa namdhihaki. Akanitajia vinavyotakiwa: picha, nakala ya kadi ya mpiga kura, maana hapa kwetu hiyo ndicho kitambulisho cha mtu, na cheti cha daktari. Cheti cha daktari cha nini? Akanieleza, kwa subira ya mwalimu, kwamba uvuvi wa starehe kisheria ni mchezo, na anayefanya mchezo lazima daktari athibitishe kwamba moyo wake unauweza.

Kwa hiyo nikampeleka Baba kupimwa moyo ili aruhusiwe kukaa juu ya jiwe. Daktari kijana akamwekea kipimo kifuani, akauliza bila kuinua macho, "Muzee, unacheza mchezo gani?"

Baba alinigeukia mimi, si daktari.

"Uliwaambia nini hawa?"

"Ni neno la papier tu, Papa."

"Nilikulisha na hii kazi. Nilikusomesha na hii kazi. Leo unaniandika nacheza?"

Daktari akajifanya anatafuta kalamu. Nilimbembeleza Baba mbele yake, nikamwambia kwamba waandike wanavyotaka, sisi tunataka ndoano irudi majini. Akakubali shingo upande. Alipofika nyumbani alikula vijiko vichache tu, kana kwamba ananikomoa mimi.

Nikaanza safari za kwenda na kurudi. Siku moja umeme haukuwepo, na bila umeme mashine haichapi. Siku nyingine umeme ulikuwepo, lakini mwenye ufunguo wa kabati la karatasi alikuwa msibani. Kisha mkuu anayetia saini alikuwa kwenye semina. Nilipouliza semina inahusu nini, nikaambiwa inahusu kuwahudumia wananchi haraka. Sisemi hili kwa kuchekesha. Wateja wangu walikuja kudai nguo zao wakakuta mlango umefungwa, na mama mmoja alichukua kitambaa chake ambacho nilikuwa nimekikata tayari akaenda nacho kwa fundi mwingine, na siku hiyo nilichukia ofisi ile, nikachukia ziwa, nikawachukia wote waliowahi kukaa mezani na muhuri.

Siku nyingine tulikuwa wengi kwenye korido mizinga ikaanza kusikika upande wa kaskazini. Hakuna aliyekimbia, tumezoea kusikiliza kwanza. Afisa akatoka, akatega sikio, akafunga mlango wake kwa ufunguo.

"Rudieni semeni ijayo," akatuambia, yaani wiki ijayo. "Kama tutakuwa tungali hapa."

Walikuwa wangali hapo. Nikarudi, na siku hiyo, sijui kwa nini, kila kitu kilikuwa mahali pake: umeme, funguo, mkuu, wino. Kibali kikatoka kikiwa na picha ya Baba iliyobandikwa kombo kidogo. Nilishuka ngazi zile kwa furaha kubwa. Nilimnunulia mwanzi mpya, uzi, na ndoano za ukubwa tofauti, maana sikujua anapenda zipi.

Baba alivaa koti. Tulishuka pamoja ufukweni, mimi mbele kama wakili. Askari alikuwa yuleyule. Alikifuta kiganja kwenye suruali kabla ya kupokea karatasi, akaisoma polepole, akaigeuza nyuma, akaisoma tena.

"Iko muzuri," akasema. "Iko na muhuri. Lakini inasema Vitshumbi."

Nikaichukua. Ilisema hivyo. Mahali pa kuvulia: Vitshumbi. Wameyanakili makao yaliyoandikwa kwenye kadi yake, wakayaweka mahali pa kuvulia, na mimi katika furaha yangu sikusoma zaidi ya jina na picha. Baba alikuwa na ruhusa halali, iliyotiwa saini na kupigwa muhuri, ya kuvua kwa starehe katika ziwa lililomfukuza kwa risasi. Nilimweleza askari kwamba ni kosa la uandishi. Akasema anaelewa kabisa, na kwamba hata yeye anamhurumia muzee, lakini mkubwa wake akipita hapa atasoma kilichoandikwa tu. Nilitaka kumrushia ule mwanzi. Baba alikuwa ameinama, anachovya vidole majini na kuvinusa, kama hayupo kwenye mazungumzo yetu.

Afisa, niliporudi kwake, hakuona kosa lolote.

"Mama, sisi tunafwata karte ya mupiga kura. Karte inasema mukaaji wa Vitshumbi. Kama anataka kuvua hapa, awe mukaaji wa hapa. Shefu wa kartiye yenu anatoa papier, muzee anakuja yeye mwenyewe anatia saini ya kuhama, tunabadilisha. Ni kitu kidogo."

Kitu kidogo. Nikaenda kwa shefu wa mtaa, nikamngoja, nikamngoja tena, nikapata karatasi yake. Nikampeleka Baba ghorofani, nimemshika mkono kwenye zile ngazi. Afisa alimpa kiti, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia mimi. Akamsogezea karatasi na kalamu. Baba akavaa miwani yake yenye mguu uliofungwa uzi, akasoma kila neno, midomo ikichezacheza. Kisha akauliza.

"Nikitia saini hapa, kule nitabaki mutu wa kule?"

"Hapana, muzee. Mutu hawezi kukaa fasi mbili. Hapa itasema umehama, uko mukaaji wa Goma."

Baba akaiweka kalamu mezani. Akavua miwani, akaikunja.

"Basi tuache," akasema.

Inabidi nieleze hapa jambo ambalo afisa hakulijua na mimi nilikuwa nimelisahau kwa kukaa mjini. Kule kwetu, kwa sababu ziwa liko ndani ya mbuga, mitumbwi imewekewa kikomo, na kila mtumbwi una namba ya ushirika wa wavuvi iliyopakwa rangi ubavuni. Namba ni ya mkaaji. Mtu akihama akajiandikisha kwingine, namba yake inapewa anayengoja, na siku zote kuna wanaongoja. Baba aliipata yake kutoka kwa babu yangu. Alisubiri, alipigania, aliioa kabla hajamuoa Mama, kama Mama mwenyewe alivyopenda kumtania. Kutia saini ile kwake kulikuwa ni kuirudisha namba kwa mkono wake mwenyewe, bila aliyemshikia bunduki.

Lakini siku ile sikuwa na nafasi ya kuelewa. Nilipandwa na hasira pale pale ofisini. Nilimwambia mbele ya afisa kwamba mtumbwi umechomwa, kwamba waliotoka kule baada yake walituambia wameuona umebaki majivu, kwamba hata huo ushirika uliokuwa ukiandika namba hatujui kama bado upo.

"Kilichoungua ni mbao," Baba akasema. "Namba iko."

"Iko wapi, Papa?"

"Iko ya mutu mwenye kukaa kule."

"Na wewe unakaa wapi? Unalala kwa nani? Unakula kwa nani?"

"Kwako. Nakushukuru. Lakini sijahama."

Afisa akasema kwa sauti ya chini kwamba anaweza kutuachia dakika kidogo. Sikuzitaka. Nilishuka ngazi peke yangu, nikasahau kumshika mkono, akashuka nyuma yangu taratibu, kiganja ukutani. Kwenye pikipiki alikaa katikati, mimi nyuma yake, na mabega yake yalikuwa mifupa mitupu. Nilikuwa nimemkasirikia na nilikuwa naogopa, na sikujua nianze na lipi.

Wiki zile nilimshambulia kila siku. Nilimwambia ajiandikishe tu, vita vikiisha tutaandika upya. Akaniuliza nani ataandika upya. Nilimwambia avue kwa kujificha, jioni, mahali pengine. Akasema ameshakuwa mzee sana kukimbizwa na watoto wa watu. Nilimwambia namba haiwezi kumlisha. Kile kibali cha kosa alikitia kwenye mfuko wa plastiki, akakiweka ndani ya koti, na mwaka ulipokaribia kuisha akaniomba nikakilipie upya kisiishe muda.

"Kilipiwe upya ya nini? Hukukitumia hata siku moja."

"Kisije kikaoza," akasema.

Nikaenda. Nilipiga foleni, nikalipia kibali cha kuvua kwa starehe Vitshumbi, mahali ambapo hata lori la chumvi lilikuwa halifiki, na afisa akagonga muhuri bila kuuliza kitu. Nilikasirika njia nzima ya kurudi. Nilipompa, alikitazama kwa muda, akasema safari hii wameibandika picha vizuri.

Alifariki msimu wa mvua, kwa malaria ambayo mtu mwenye nyama mwilini angeishinda. Sitaeleza siku zile. Asubuhi iliyofuata nilikwenda kutafuta ruhusa ya kuzika, maana hapa kwetu hata kaburi lina ofisi yake, na ofisi ilikuwa imejaa watu wenye misiba yao. Zamu yangu ilipofika, mama aliyekuwa mezani alinipa pole, akachukua kalamu.

"Marehemu alikuwa mukaaji wa wapi? Kama ni wa hapa, tunamaliza leo leo. Kama ni wa fasi ingine, tutaomba batu wa kwabo wakuje kushuhudia, na wakiwa kambini itachukua muda."

Baba alikuwa amelala nyumbani, majirani wamemzunguka, joto linapanda. Padri alikuwa amepanga saa. Jibu rahisi lilikuwa mdomoni mwangu, jibu lile lile nililomtaka Baba alitoe kwa kalamu, neno moja tu, na hakuwa tena na mdomo wa kunikataza.

"Vitshumbi," nikasema.

Akaandika. Akanionyesha mahali pa kungojea, nikakaa kwenye benchi na wengine, nimemkasirikia Baba kuliko siku zote, nikaanza kufikiria ni nani wa Vitshumbi kule kambini Kanyaruchinya angekubali kuja kusema kwamba anamjua.